Gari linapoingia kwenye kundi la watu: nani hulipatia tukio jina, na jina hilo humgharimu nani?

Mwana wa Ghubani (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo karibu miaka miwili nikisita kuliandika, kwa kuwa siwezi kulieleza bila kueleza na sehemu yangu ndani yake. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 ya Ramadhani ya mwaka juzi, msikiti wetu hapa Mikindani, Mtwara, ulifurika kama unavyofurika kila mwaka usiku huo, na sisi wa kamati tukatandika majamvi hadi nje, tukaimega na nusu ya barabara. Kizuizi chetu kilikuwa mabenchi mawili ya madrasa, kamba ya katani, na kijana mmoja mwenye tochi. Tarawehe ilikuwa imekaribia kwisha niliposikia honi ndefu isiyokatika, kisha mwanga wa taa ukatumulika sote migongoni, na Fuso lililobeba saruji likateremka kutoka juu, likayasaga yale mabenchi, likapanda juu ya jamvi la safu ya nyuma na kwenda kusimama kwenye ukuta wa jirani. Safu hiyo ilikuwa tupu kwa sababu moja tu: watoto waliokuwa wakisali hapo walikuwa wameinuka kwenda kugombania maji. Aliyeumia ni mzee mmoja aliyepigwa mguuni na kipande cha benchi. Mimi mpaka leo ninachokiona nikifumba macho ni ndala. Zilikuwa zimepangwa pembeni, jozi kwa jozi, na tairi la mbele lilipita juu yake zote, zikabaki zimenata kwenye lami, nyingine kamba zimeng'oka, nyingine zimegeuka soli juu.

Sauti ya kwanza iliyovunja kimya ilisema, "Gaidi huyo!" Ya pili ikasema, "Ametukusudia!" Hakuna aliyetamka neno breki. Dereva aliteremshwa kwa kuvutwa mguu, na kabla hajagusa chini alikuwa ameshapigwa. Utingo alikimbilia vichakani. Mkononi mwangu kulikuwa na jiwe, na sikumbuki nililiokota wapi.

Polisi walifika, dereva akapelekwa hospitali, na gari lilipokaguliwa ilionekana kuwa bomba la breki lilipasuka kwenye mteremko. Ile honi ndefu ilikuwa ni yeye akituomba tuondoke. Kwenye dashibodi kulikutwa kifuko cha tende alizofuturia njiani, na kofia yake ya kufuma. Leo anasikia kwa sikio moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikishwa mahali popote kwa kumpiga, kwa maana sote tulikuwa "wananchi wenye hasira kali", na mtu huyo hana jina wala nambari ya kitambulisho.

Tangu usiku ule nikaanza kusoma habari za matukio ambayo dereva alikusudia kweli. Nilitaka kujua waliofikwa na jambo lenyewe walifanya nini katika dakika zile kumi ambazo sisi tulizitumia kuokota mawe.

Tukio lililonikaa zaidi ni la Finsbury Park, kaskazini mwa London, la tarehe 19 Juni 2017. Ilikuwa Ramadhani, saa sita za usiku zimepita kidogo, na watu walikuwa wakitoka tarawehe. Mwanamume mmoja wa asili ya Bangladesh, mwenye miaka 51, alikuwa ameanguka njiani na watu walikuwa wamemzunguka wakimsaidia. Gari la kukodi likapanda juu ya kundi lile. Yule aliyekuwa akisaidiwa alifariki dunia na wengine kadhaa walijeruhiwa. Dereva, ambaye jina lake sitalitaja na sababu yake nitaieleza, alikuwa ametoka Cardiff kwa nia ya kuua Waislamu. Hapakuwa na breki iliyopasuka wala honi ya kuwataka watu waondoke.

Watu walimkamata wakamlaza chini, na wengine wakaanza kumpiga. Imamu Mohammed Mahmoud akafika akiwa na wenzake, wakamzunguka yule mtu na kuwazuia watu wasimguse hadi polisi walipomchukua. Mnamo Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mahakama ikaagiza asifikiriwe kuachiliwa kabla ya kutumikia miaka 43. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani: wao walikuwa na muuaji mikononi mwao wakamfikisha mahakamani mzima, na sisi tulikuwa na mfungaji mwenzetu aliyepasukiwa bomba la breki.

Sasa nije kwenye suala la jina. Katika saa za mwanzo za tukio lile baadhi ya taarifa zilizungumzia "gari kugonga watembea kwa miguu", na Waislamu wengi wa Uingereza walilalamika kwamba angekuwa dereva ni mmoja wao, neno ugaidi lisingechelewa. Waziri Mkuu wa wakati ule, Theresa May, alijibu kwa kusema kuwa polisi walilichukulia kama shambulio la kigaidi ndani ya dakika nane. Hebu fikirini uzito wa jibu hilo: kiongozi wa nchi anahesabu dakika zilizopita kabla tukio halijapewa jina lake, kwa kuwa anajua waliofiwa nao wanazihesabu.

Jina likikosewa upande mwingine nako kuna watu hulipa. Tarehe 19 Desemba 2016, lori liliingia kwenye soko la Krismasi la Breitscheidplatz mjini Berlin. Polisi walimkamata upesi mkimbizi mmoja kutoka Pakistani kwa sababu tu shahidi alidhani ndiye aliyemwona akikimbia, na dunia nzima ikaambiwa mtu amepatikana. Kesho yake aliachiwa kwa kukosekana ushahidi, na mtuhumiwa wa kweli akatoroka hadi Italia, ambako aliuawa na polisi karibu na Milan siku nne baada ya shambulio. Tarehe 20 Desemba 2024 katika mji wa Magdeburg gari liliingia tena kwenye soko la Krismasi, wakafa watu sita, mmoja wao mtoto wa miaka tisa, na majeruhi wakawa wapatao 300. Iliposikika kuwa dereva ni daktari mwenye asili ya Saudi Arabia, mitandaoni watu walimaliza kesi kabla ya maiti kuondolewa. Baadaye ikafahamika kwamba mtu yule alikuwa ameacha Uislamu miaka mingi na kuutukana hadharani.

Waingereza inaelekea walijifunza kitu. Mei 2025 gari lilipoingia kwenye umati wa mashabiki wa mpira mjini Liverpool na kujeruhi watu zaidi ya 100, polisi hawakusubiri. Jioni ileile walitangaza kuwa aliyekamatwa ni Mwingereza mweupe wa miaka 53 wa eneo lilelile. Wapo waliohoji kwa nini rangi itajwe. Jibu lilikuwa la mwaka uliotangulia, pale uvumi juu ya muuaji wa watoto wa Southport ulipozaa ghasia na msikiti ukashambuliwa.

Nimesema simtaji dereva wa Finsbury Park. Desturi hiyo nimeichukua kwa Jaji Anne Molloy wa Toronto. Tarehe 23 Aprili 2018 kijana mmoja alipanda na gari la kukodi kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Mtaa wa Yonge, akaua watu kumi. Wa kumi na moja alifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha yale. Katika kusoma hukumu yake Machi 2021, jaji huyo alikataa kumtaja mshtakiwa, akamwita "John Doe", jina wanalompa mtu asiyejulikana, kwa kuwa alichokitaka muuaji ni umaarufu. Akatiwa hatiani bila jina lake kusomwa.

Naomba michango yenu. Msikiti wetu unapanga maulidi ya mwaka huu, na wajumbe wa kamati wanataka barabara ifungwe tena kwa mabenchi.

Nawasilisha.

Dereva wa Masafa

Mleta uzi, nakushukuru kwa kuandika kwa adabu. Mimi ni dereva wa malori tangu mwaka 2003, na kwa sasa nashusha makaa ya mawe kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara. Nitasema mambo mawili ambayo abiria na waenda kwa miguu hawayajui.

La kwanza ni kuhusu kukimbia. Ukimgonga mtu mahali penye watu, kila dereva mkongwe aliyekufundisha kazi atakuwa amekwambia kwamba usishuke, endesha hadi kituo cha polisi kilicho karibu ujisalimishe. Sheria inakutaka usimame; mawe yanakutaka uondoke. Sasa wale waliobaki nyuma wanaona gari limegonga na linaondoka kasi, basi kwao huo ni ushahidi kwamba dereva amekusudia, na wakimkamata kwenye kizuizi cha mbele wanampiga kwa kosa la kukimbia kipigo. Nimeshuhudia mara mbili. Mara moja nilikuwa mimi, na namshukuru Mungu kwamba lile lilikuwa gari la mizigo lenye kioo kigumu.

La pili ni kuhusu lile lori la Berlin, kwa kuwa sisi madereva tulilizungumza sana. Lilikuwa la dereva wa Kipolandi aliyekuwa anasubiri kushusha chuma. Muuaji alimpiga risasi, akachukua usukani. Siku za mwanzo habari zilienea kwamba marehemu yule alipambana ndani ya kabini akauvuta usukani, na ndiyo maana lori lilisimama baada ya mita zipatazo 70 hadi 80. Nami nililiamini kwa sababu lilitupa heshima wenye kazi hii. Uchunguzi ulionyesha kuwa lilisimamishwa na mfumo wake wenyewe wa breki ya dharura, ambao malori yote mapya ya Ulaya yalilazimishwa kuwa nao tangu Novemba 2015. Lori la Nice, Ufaransa, la tarehe 14 Julai 2016, halikusimama hivyo. Tani 19 zilikwenda karibu kilomita mbili kwenye barabara ya ufukweni, wakafa watu 86. Malori mengi tunayoendesha huku ni yale yaliyoshastaafu kwao.

Na kuhusu kizuizi, mabenchi hayazuii kitu. Wenzetu wa New York kwenye maandamano yao ya sikukuu huegesha malori ya takataka yaliyojazwa mchanga, yakakaa kwa ubavu kwenye mdomo wa barabara. Mchanga Mikindani upo. Lori la mchanga la kuazima usiku mmoja si jambo la kuishinda kamati. Ila msiache pengo. Kule Magdeburg vitalu vya zege vilikuwepo, lakini iliachwa njia ya magari ya wagonjwa na ndiyo aliyopitia. New Orleans, alfajiri ya tarehe 1 Januari 2025, vigingi vya Mtaa wa Bourbon vilikuwa katikati ya kubadilishwa, na watu 14 wakauawa.

Swali langu kwako ni moja. Umetuambia una jiwe mkononi, kisha ukahamia London. Jiwe ulilipeleka wapi?

Korosho Ghafi

Ndugu mleta uzi, nimekusoma lakini naona unatuchukulia matatizo ya Ulaya. Huku kwetu magari yanaua kwa ubovu na kwa ulevi. Londiani nchini Kenya, tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia wafanyabiashara na bodaboda kando ya barabara wakafa zaidi ya 50, na halikuwa shambulio. Hapahapa kwetu, Julai 2022, gari la wanafunzi lilitumbukia korongoni Mjimwema, na mji mzima ulilia. Ugaidi wa magari tuwaachie wenyewe.

Mwana wa Ghubani

Ndugu Korosho Ghafi, mfano wako ndio unaonitia hofu. Kwa kuwa yetu ni ajali karibu zote, kila tunapolitumia neno la kukusudia tunakuwa na uwezekano mkubwa wa kumpiga asiye na hatia. Siku ile ya Mjimwema nilikuwepo kwenye mazishi ya mmoja wa wale watoto, nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akiuliza kila anayeingia, "Dereva alisemaje?" Alikuwa akitaka maneno ya dereva. Sisi wa usiku wa 27 hatukumpa dereva nafasi ya kusema neno.

Binti Shangani

Shikamooni wakubwa, na marahaba kwa wadogo.

Nimefanya kazi ya bima kwa muda mrefu hapa Mtwara, na naona mleta uzi ameligusa jambo la jina upande wa hasira na kuliacha upande wa fedha, ambako ndiko linakouma kwa miaka mingi zaidi. Naomba niendelee hapo.

Baada ya Berlin, Wajerumani waligundua aibu ndani ya sheria zao. Walikuwa na sheria ya tangu miaka ya 1970 ya kuwalipa fidia waathirika wa uhalifu wa kutumia nguvu, lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kilichoondoa madhara yaliyofanywa kwa kutumia chombo cha moto. Aliyeitunga alifikiria kwamba gari lina bima yake, basi mambo ya gari yaende kwenye bima. Hivyo mtu aliyepigwa risasi na gaidi alikuwa ni mwathirika wa uhalifu, na mtu aliyekanyagwa na gaidi kwa lori alikuwa, kwa hesabu za karatasi, mwathirika wa ajali ya barabarani. Wengi walihudumiwa kupitia mfuko wa makampuni ya bima ulioanzishwa kwa ajili ya ajali za magari. Sheria mpya iliyoliingiza gari miongoni mwa silaha za uhalifu ilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2024, miaka saba baadaye.

Na katika miaka hiyo saba kulikuwa na mambo madogo madogo ambayo, kwa maoni yangu, yaliwaumiza wafiwa kuliko hayo makubwa. Zipo familia zilizoletewa ankara ya uchunguzi wa maiti ya ndugu yao, euro 51, pamoja na onyo la kudaiwa kwa nguvu iwapo wangechelewa kulipa. Wengine walikuwa wamezunguka hospitali kwa hospitali siku nzima wakimtafuta mtu wao bila kujibiwa. Mwezi Desemba 2017, mwaka mmoja baada ya tukio, jamaa za marehemu walimwandikia Kansela Angela Merkel barua ya wazi wakimweleza kwamba katika mwaka huo wote hakuwa amewapa mkono wa pole, ana kwa ana wala kwa maandishi. Alikutana nao mwezi huohuo. Kiongozi anayechukua mwaka kusema pole, hata akijenga mnara, wafiwa watakuwa wameshamwandika daftarini.

Kwetu, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu, na hiyo ndiyo inayomlipa aliyegongwa au jamaa zake. Lakini soma mkataba wako nyuma ya ile stika: kwa kawaida utakuta madhara ya makusudi na ya ugaidi yametengwa. Kwa hiyo mnapopiga kelele "Ametukusudia!" mbele ya askari anayeandika maelezo, mnaandika pia sentensi ambayo wakala wa bima ataitafuta baadaye. Mzee aliyepigwa mguuni na kipande cha benchi, mleta uzi hakutuambia kama alilipwa. Nataka kujua, na nataka kujua maelezo ya kwanza polisi yalisemaje.

Upande wa jinai nako ni vivyo hivyo. Kuua kwa kukusudia kuko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari kuko kwenye Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kati ya hizo mbili kuna umbali wa kamba na faini, na kinachozitenganisha ni nia iliyokuwa kichwani mwa mtu, ambayo umati wa watu 200 wenye tochi moja hauwezi kuiona.

Mzee wa Kilwa Road

Wanangu, mimi nipo Lindi mjini, na sina elimu ya bima. Nataka nipingane na mleta uzi kwenye jambo moja tu, la kumficha muuaji jina. Sisi Waswahili tunasema mficha uchi hazai. Ukimficha jina, uvumi utampa jina la mtu mwingine, kama ulivyompa yule Mpakistani. Tazama Wachina. Mjini Zhuhai, tarehe 11 Novemba 2024, mtu aliendesha gari kwenye kiwanja cha mazoezi akaua watu 35. Idadi ya waliokufa ilitangazwa kesho yake, maua yaliyowekwa na watu yakaondolewa, na maandishi mitandaoni yakafutwa. Muuaji alihukumiwa kifo Desemba na adhabu ikatekelezwa Januari iliyofuata. Haki ilikwenda mbio, lakini watu hawakuachwa wakae matanga. Mtu akifa huku kwetu tunakaa, tunahani, tunasoma hitima, arobaini inafika. Kilio kisipopewa mahali pa kukaa kinazunguka majumbani.

Binti Shangani

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye kilio tuko pamoja. Berlin walichonga ufa kwenye sakafu ya uwanja na ngazi za kanisa, wakaujaza shaba ya rangi ya dhahabu, na majina ya waliokufa yakachongwa kwenye ngazi. Mwaka 2021 alifariki mtu wa kumi na tatu, ambaye siku ile alikuwa akiwasaidia majeruhi akapigwa kichwani na boriti, akalala mahututi miaka karibu mitano. Majina yaliyo pale ni ya waliokufa peke yao. Nadhani mleta uzi hakusudii kuficha taarifa za mahakama. Anakusudia kutompa mtu yule nafasi ya kukaa mbele ya maiti zake.

Mwana wa Ghubani

Wakubwa zangu, nimesoma yote, na nimekaa siku tatu kabla ya kujibu.

Mzee wangu wa Lindi, shikamoo. Binti Shangani amenisaidia kusema nilichokikusudia, lakini hoja yako ya uvumi kuchukua nafasi ya jina nimeikubali. Jina lisemwe mara moja na mwenye mamlaka ya kulisema, kwa usahihi, kisha lisirudiwerudiwe. Sisi tusio na mamlaka tulisema "gaidi" kwa sauti kubwa, na hadi leo wapo watoto hapa mtaani wanaomwita hivyo yule dereva.

Dada wa bima, mzee yule alilipwa nusu ya gharama za hospitali na mwenye gari, kwa mkono, bila karatasi. Nilikwenda kuuliza kuhusu maelezo ya kwanza. Kwenye kitabu cha polisi imeandikwa kuwa wananchi walieleza kwamba dereva "alilivamia kundi la waumini kwa makusudi". Wananchi hao ni watatu, na wa pili ni mimi. Maneno hayo sikuyakumbuka kabisa hadi nilipoiona saini yangu. Bomba la breki lilikaguliwa siku mbili baadaye, kwa hiyo kwa siku mbili nzima mtu yule alilala hospitalini chini ya ulinzi akiwa mtuhumiwa wa kutaka kuua, kwa kalamu yangu. Nimekwenda kuandika maelezo mapya. Askari aliyenipokea alinishangaa, akaniuliza kama nimetumwa na mtu.

Kuhusu kamati, tumekubaliana lori la mchanga, lililojaa, kwa ubavu, upande wa mteremko. Na upande wa ghuba litakaa la pili lenye dereva ndani, ili gari la wagonjwa likija lisogezwe na kurudishwa. Mwenye malori amekubali kwa gharama ya mafuta.

Sasa swali la Dereva wa Masafa, ambalo nililikimbia kwa kwenda London. Nililirusha. Nilikuwa umbali wa hatua sita hivi, na alikuwa ameinamisha kichwa akijikinga kwa mikono yote miwili. Sikuona lilipotua kwa sababu mtu alipita mbele yangu. Mwezi uliopita nilimfuata nyumbani kwake Masasi, tukakaa barazani, na nikatafuta upande wa kukaa ili anisikie. Sikio lake zima ni la kushoto. Mimi usiku ule nilikuwa nimesimama kulia kwake.